Bulo Nane za Papa Kalala

Sikuapii. Kwa nini niliacha kuapa utaelewa mbele. Ninachokuomba ni unisikilize mpaka mwisho, maana haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Likasi, mchana kweupe, sina homa, sijalewa, tumboni nina chai na mkate wa asubuhi tu.

Watu husema mizuka hutembea usiku. Laiti ningeuona usiku! Ningejidanganya kwamba nilikuwa ndotoni. Wangu ulikuja adhuhuri, jua likiwa utosini, na jirani zangu wa Shituru wakipita barabarani na ndoo zao za maji.

Kazi yangu ni kufunga televisheni ukutani. Nimefunga mtaa mzima wa Panda, nyumba za wafanyakazi na za wakubwa. Mzee aliyenifundisha kazi, sasa ni marehemu, alituachia desturi moja. Ukimaliza kufunga kile chuma cha kubebea, kabla televisheni haijapanda, unakishika kwa mikono miwili, unakunja magoti, unaning'inia wewe mwenyewe, unahesabu mpaka kumi mbele ya mwenye nyumba. Alikuwa anatuambia, "Kama haikushike weye, haitashika kintu." Mafundi wengine walitucheka kwamba tunaning'inia kama popo. Lakini wateja walipenda, na mimi jina langu mjini lilitokana na kule kuning'inia.

Papa Kalala alikuwa karani mstaafu, wa familia zile za asili ya Kasai ambazo mababu zao waliletwa kuchimba shaba. Alikuwa na gari refu jeupe lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Lilikuwa la wasafiri wazungu. Liliwafia injini karibu na Mulungwishi, wakamuuzia, na yeye akalitengeneza kidogo kidogo miaka mingi mpaka watu wakamwona amerukwa na akili. Kumbe alikuwa na sababu. Mke wake, Mama Mbombo, alikuwa amepooza miguu. Hawezi kukaa kwenye basi hata saa moja. Na alitaka jambo moja tu, kuiona tena nyumba ya mama yake huko karibu na Mwene-Ditu kabla hajafa. Papa Kalala akaamua atampeleka akiwa amelala kitandani kwake.

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, na watoto wake walimrekodia nyimbo zote kwenye video. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo televisheni ilitakiwa iwe karibu naye, kwenye mkono wa chuma unaoivuta mpaka juu ya kitanda.

"Fundi, njia ni mubaya sana," Papa Kalala aliniambia. "Televizyo itakuwa juu ya kitanda, na mutoto Ntumba analalaka ku miguu ya koko yake. Funga kabisa, kabisa. Mabulo njo aya."

Ntumba alikuwa mjukuu wao, msichana wa miaka sita, waliyekuwa wakimlea. Na bulo, kama hujui, ndizo bolti. Alinipa nane, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Sijawahi kushika bolti kama zile. Ndefu, zinang'aa, nati zake zile zisizolegea hata gari likitikisika vipi. Alizitunza tangu akiwa kazini.

Ukuta wa gari kama lile hauna tofali. Ni mbao nyembamba, sponji, mbao nyembamba tena, basi. Parafujo ya kawaida haina pa kuuma. Lazima utoboe mpaka upande wa pili, upitishe bolti, uweke kibati cha chuma nyuma, ndipo ukaze nati. Nilijua. Usiniambie labda sikujua.

Sasa sikia aibu yangu. Nyumbani kwangu televisheni ya fundi wa televisheni ilikuwa imekaa juu ya meza. Ukuta wetu wa katikati ni wa mbao, unataka bolti ndefu, na nilikuwa sijapata. Shemeji zangu walikuwa wanakuja Jumapili. Basi nilizitazama zile bolti nane kwenye kopo, nikaona zinapendeza mno kwa kazi ya kufichwa ndani ya kabati la choo, upande wa pili wa ukuta ule.

Nikazitia mfukoni, na kopo nikalitia kwenye mfuko wa vifaa. Nikafunga televisheni ya Mama Mbombo kwa parafujo zangu fupi, nikazifunika vichwa kwa vifuniko vya plastiki. Upande wa pili, ndani ya kabati, nikabandika vibati kwa gundi, na juu ya vibati nikabandika nati kuukuu nane, ili mzee akifungua avione. Umewahi kusikia mtu anayeiba na kujitengenezea ushahidi wa uaminifu? Ndiye mimi.

Papa Kalala alifungua kabati, akachungulia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akaniuliza, "Ulijaribu na uzito yako, Fundi? Minasikia weye unaning'iniaka."

Sikuwa nimening'inia. Ningening'inia, ukuta wote ungenifuata.

"Wallahi, Papa. Ulipokuwa nje."

Yeye ni Mkristo, mimi ni Mwislamu, wazee wetu walitoka Maniema. Akaniwekea mkono begani. "Weye muntu ya sala. Minakuamini."

Mama Mbombo alikuwa amelala pale, amejifunika kitenge cha kijani. Alikuwa hasemi sana. Akanitazama mikono, si uso, mikono, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Aksanti, mwana yangu. Mungu ashike iyi mikono."

Waliondoka Jumatatu. Shemeji zangu walikuwa wamekuja Jumapili, wakaisifu televisheni yangu ukutani, na mimi nikacheka nao.

Alhamisi nilikuwa kwenye kibanda changu cha kazi, natafuta maji ya kutawadhia. Nikasikia mtu anahema mlangoni. Nikageuka. Mama Mbombo alikuwa amesimama pale, kwa miguu yake.

Amesimama, nakwambia. Yule yule niliyemwacha amelala, hawezi kugeuka bila kusaidiwa. Kitenge kile kile cha kijani, miguu peku, vumbi jekundu mpaka magotini. Na mikono yake miwili ilikuwa juu, mbele ya uso, viganja vimeelekea mbinguni, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyebeba sinia kubwa. Ila hapakuwa na sinia. Vidole vilikuwa vyeupe kwa kukaza, na mikono ilitetemeka mpaka mabegani.

Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilidhani wamerudi, na amepona. Nikamletea kiti.

"Karibu, Mama. Ukae."

"Nikikaa itaanguka," akasema.

Nikauliza nini kitaanguka. Lakini, rafiki yangu, nilikuwa nimeshajua.

"Minachoka mikono, mwana yangu. Tangu Nguba minashika. Mutoto eko chini. Kuya ushike weye."

Nguba ni mahali pa mwanzoni mwa ile njia yao. Akanisogezea ile mikono. Sasa nikuulize wewe unayenisikiliza, ungefanya nini? Ilikuwa hatua moja tu. Ningenyoosha mikono nikapokea, hata kama ni hewa. Mimi nilirudi nyuma. Nilirudi mpaka mgongo ukagonga ukuta, nikafumba macho kama mtoto. Nilipoyafumbua, mlango ulikuwa mtupu. Nikatoka nje mbio. Mwanamke jirani alikuwa anaanika nguo mbele kabisa ya kibanda. Nikamuuliza mama aliyepita ameelekea wapi. Akasema hakuna mama aliyepita.

Nilipiga simu ya Papa Kalala siku nzima, haipatikani. Niliipata Jumamosi.

"Fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. "Mama alituacha. Siku ya ine, saa ya midi, mbele ya kufika Kamina."

Siku ya ine ndiyo Alhamisi, na midi ndiyo adhuhuri. Nikakaa chini.

Aliniambia yeye alikuwa mbele, kwenye usukani, na Mama nyuma na Ntumba, mtoto akiwa amelala usingizi miguuni kwa bibi yake. Alipowafungulia mlango ili wale, alimkuta Mama ameshaondoka, mikono iko juu. Wanawake wa kijijini pale walimkanda kwa maji ya moto wamshushe mikono, wakashindwa. Wakamzika hivyo hivyo, kaburi likachimbwa la kina zaidi.

"Alikufa akiomba, Fundi. Mikono juu, kwa Mungu. Iyo tu njo inanisaidia kulala." Kisha akaongeza, na hapa ndipo aliponimaliza, "Na televizyo yako haikutikisika hata kidogo. Njia yote ile! Ulifanya kazi ya muntu ya kweli. Aksanti."

Nilisema nini? Nilisema, "Pole sana, Papa." Nilipokea na ile asante. Nikakata simu, nikaenda nyumbani, nikaishusha televisheni yangu, nikafungua bolti moja moja na kuzirudisha kwenye kopo lake. Mke wangu aliniuliza kuna nini. Nikamwambia ukuta una mchwa. Uongo juu ya uongo.

Baada ya majuma mawili walirudi, mzee na mjukuu. Papa Kalala akanipigia simu nikaifungue ile televisheni, akaipe kwaya ya Mama. Alisema Ntumba hakubali tena kuingia kule nyuma. Nikaenda na kopo limefichwa kwenye mfuko wa vifaa. Nisikufiche, sikwenda kuungama. Nilikwenda kubandua ile gundi kimyakimya na kuacha bolti mle kabatini, kana kwamba nimezitoa ukutani. Nilitaka kumalizia wizi wangu vizuri.

Nikaingia peke yangu. Televisheni ilikuwa mahali pake, imenyooka, haina hata vumbi. Nikasogea. Kwenye godoro, pale alipokuwa akilala Ntumba, parafujo zangu nane zilikuwa zimelala, na vifuniko vyake vya plastiki. Zote. Nikachungulia nyuma ya kile chuma. Matundu yalikuwa matupu na yamepanuka, unaweza kupitisha kidole. Kati ya chuma na ukuta palikuwa na uwazi, mwanga unapita. Ile televisheni ilikuwa haijashikwa na kitu. Iliyapita mashimo ya kwenda na ya kurudi haijashikwa na kitu.

Nikainua mikono kuigusa kwa chini. Mara uzito wote ukanishukia, ghafla, kama mtu akikukabidhi mzigo alioubeba kwa muda mrefu mno. Na pale chini, mahali pa kushikia, plastiki ilikuwa na joto la viganja. Nilipiga kelele.

Papa Kalala akaingia. Alinikuta nimepiga magoti, televisheni mikononi, nalia. Aliona parafujo kitandani. Aliona matundu. Alifungua kabati, akagusa nati moja, ikambandukia mkononi na gundi yake. Kisha akaona kopo lake la maziwa limechungulia kwenye mfuko wangu.

Nikamwambia kila kitu. Bolti, shemeji, kiapo, mlango wa kibanda changu Alhamisi saa sita na nusu, maneno aliyoniambia Mama, na jinsi nilivyorudi nyuma.

Nilitamani anipige. Wallahi... unaona, ulimi bado una mazoea. Nilitamani sana anipige. Yeye alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akageuzageuza ile nati kuukuu kwenye vidole vyake vya karani.

"Basi hakukuwa anaomba," akasema.

Nilikuwa nimemwibia mara ya pili, na safari hii ni kile kilichokuwa kinamsaidia kulala.

"Mama aliomba maisha yake yote," akasema tena, polepole. "Ile siku alikuwa anafanya kazi yako."

Akaniambia niiweke televisheni chini niondoke, na kopo nilibebe. Tangu hapo tukikutana njiani ananisalimu, kwa adabu kama zamani, na ananitazama mikono.

Nimemaliza kisa, lakini chenyewe hakijaisha. Mimi bado ni fundi, na siku hizi naning'inia kila kazi, mpaka ishirini, hata mteja asiponiomba. Lakini kila adhuhuri, nikisimama kwenye msala na kuinua mikono kuanza sala, vidole vinakutana na kitu kizito kilicho hewani. Ninakibeba mpaka nishushe mikono. Walio safu moja na mimi wakiona ninavyoishusha kwa taabu wanadhani ni baridi yabisi. Imamu aliniuliza, nikamjibu nitamweleza, na sijamweleza. Wewe ndiye wa kwanza.

Kama wewe ni fundi, ulichopewa kukiweka ndani ya ukuta kiweke ndani ya ukuta, hata kama hakuna atakayekiona. Na kama wewe ni mteja, una televisheni garini au juu ya kitanda cha mtoto, nenda leo ukafungue upande wa pili, uzivute nati kwa kidole. Ikikubandukia hata moja, usiwahi kumtukana fundi. Mtoe kwanza mtoto pale chini, halafu inua mikono yako upokee, maana kuna mtu amechoka.