Vigelegele Alivyowekewa Badr

Dada yangu Masouda kafanya kazi ya masjala wizarani, Al Khuwair, miaka ishirini na nane, lakini waulize watu wetu wa Zanzibar waliopo hapa Maskati, hakuna atakayekutajia mafaili. Watakutajia vigelegele. Ikifika saa ya kumtoa bibi harusi, wanawake wakinyamaza wamngoje yeye aanze.

Miaka sita iliyopita akaacha kuvipiga. Mwaka huo mwanawe wa pekee, Badr, alipiga simu kutoka Uingereza akasema yeye anapenda wanaume, mke haoi. Kaka yetu mkubwa, Harub, akaiondoa picha ya kijana ukutani kwa mkono wake, akasema jina lile lisitajwe tena. Ulimi wangu mimi Hind hauna mfupa, nikamwambia ukuta si wake. Da Masouda naye, tangu hapo kila akiombwa vigelegele harusini, hujibu, "Nnavyo, nnamwekea mwenyewe."

Watu wakasema ana kiburi. Kiburi gani? Vigelegele vikubwa vya mama hutoka siku mwanawe anapooa, na harusi hiyo haiji. Akiogopa kufa navyo.

Mwezi wa sita mwaka huu Badr akampigia kwa siri, kama kawaida yao. Mji wake mdogo utafanya maandamano ya kwanza ya watu wa namna yake, wapite barabarani mchana kweupe, nyuso wazi. "Nnaogopa, mama. Ukae nami kwenye simu nikianza kutembea, basi." Jumamosi, saa nane mchana ya huku kwetu. Na kila Jumamosi saa nane ndipo Kaka Harub anapokula kwa Da Masouda.

Simu ikalia wali uko katikati yetu watatu. Nikamkonyeza dada akaipokelee jikoni. Hakwenda. Uso wa Badr ukatokea kiooni, nyuma yake watu hamsini hivi na bendera za rangi rangi, na ng'ambo ya barabara wengine wakiwazomea.

"Mama, miguu haitaki."

"Zima hiyo, Masouda," akasema Kaka Harub.

"Nnakuheshimu, kaka. Leo sizimi."

Akaweka kiganja mdomoni, akavitoa. Miaka sita yote kwa pumzi moja, sauti nyembamba, ndefu, mpaka masikio yakaniuma. Badr akapangusa macho. Akainua mguu. Wenzake wakageuka kutazama sauti inatoka wapi, na wanawake wawili wa Kizungu wakajaribu kumwiga, vibaya mno, maskini. Wakatembea. Da Masouda akarudia, mimi nikampokea, mpaka wale wazomeaji wakabaki nyuma na kelele zao. Wallahi sijapata kufurahi vile, hata harusini kwangu.

Kaka Harub keshainuka, anatafuta viatu vyake. Mlango ukagongwa. Ni jirani wa chini, Bi Kawthar, na sahani ya halwa mkononi. Kwetu akisikia vigelegele mtu huja kupongeza kwanza, kuuliza baadaye.

"Mabruk, Bi Masouda. Furaha ya nani?"

Hapa Maskati jambo lile halisemwi kwa jirani.

"Ya mwanangu Badr," dada akajibu, simu kaikumbatia kifuani. "Leo kasimama mbele za watu, nami nimemshangilia."

"Mashallah," akasema Bi Kawthar, nadhani akifikiria shahada ya chuo. Akamgeukia Kaka Harub, aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni. "Mabruk na wewe, mjomba mtu. Allah amhifadhi Badr."

Hongera hairudishwi mlangoni, na dua haiachwi bila kuitikiwa. Hilo Kaka Harub ndiye aliyetufundisha sisi. Akaitazama halwa, akanitazama mimi, nami sikuwa na nia hata kidogo ya kumwokoa.

"Amin," akasema mwishowe. Akavua kile kiatu. "Allah amhifadhi Badr."

Simu ilikuwa haijakatwa. Badr akasikia.