Mama Mkwe Anaamini Mungu Ndiye Aliyemshtaki

Admin naomba unifichie jina. Hivi ninavyoandika, mwanangu ametoka kumkamata kuku wa jirani, kamwekea kiganja kichwani na kumwambia, "Toka, nakuona." Jirani kacheka mpaka kakaa chini, akasema, "Dada, umetuzalia nabii, sasa sadaka tuweke wapi?" Wote wamecheka. Mimi nimeingia ndani na aibu yangu.

Nina miaka ishirini na tatu, nimeishia darasa la saba, naishi Tunduma na mume wangu na huyu mtoto mmoja wa miaka mitatu. Kwetu ni Ileje, milimani, watu wa kanisa la zamani, la kengele na kwaya. Hapa mjini tukahamia kanisa la nabii, nikapewa huduma ya kupokea wageni. Mgeni akifika namkalisha pembeni, namuuliza jina, ametoka wapi, nini kinamsumbua, nyumbani amefiwa na nani. Naandika kwenye karatasi, zinapelekwa ofisini kabla ibada haijaanza. Tuliambiwa ni za maombi. Nilipoanza kumsikia nabii anamwita mtu na kumtajia yale yale niliyoyaandika asubuhi, nilijiambia labda Mungu naye anathibitisha. Sikutaka kuwaza zaidi. Kusema kweli niliona raha watu wakishangaa.

Mwaka jana mama mkwe alishuka kutoka Ibaba, huko huko Ileje, kututembelea. Ni mama mpole, ananiita mwanangu, hajawahi kuniita mkwe. Siku moja tunachambua maharage akaniambia jambo ambalo hajamwambia hata mume wangu. Kwamba kitinda mimba wake alipougua, alimnywesha kwanza mizizi aliyopewa na jirani, siku mbili nzima, ndipo akambeba kumpeleka hospitali, mtoto akafia njiani. "Sijui kama ni mimi nilimuua," alisema. "Usimwambie mtu, mwanangu."

Jumapili nikaenda naye kanisani. Nikamwandikia karatasi kama wageni wote, na ile siri nikaiandika. Jamani sikuwa na nia mbaya. Nilitaka aombewe, autue huo mzigo.

Nabii akamwita mbele. Akasema kwenye maiki, "Mama, damu ya mtoto wako wa mwisho iko mkononi mwako. Ile mizizi nani alikupa?" Kanisa zima likalipuka kwamba huyu ndiye nabii wa kweli. Mama akapiga magoti. Aligeuka mara moja kunitafuta. Nikashika beji yangu ya huduma, nikaangalia chini.

Tangu siku hiyo mume wangu hali chakula cha mama yake. Na mama hajanishuku hata kidogo. Aliniambia anajua si mimi niliyesema, ni Mungu mwenyewe amemwanika mbele za watu. Huko kwao ameacha kushiriki meza ya Bwana, anasema hastahili. Mchungaji wao amemwambia kazi ya mitume na manabii ilikwisha walipoweka msingi wa kanisa, asibabaishwe na mtu. Mume wangu anabisha, anasema huduma tano, ya nabii ikiwemo, zipo mpaka Yesu arudi, na kama yule si nabii, nani alimwambia habari za mizizi? Halafu ananigeukia mimi, eti si nilikuwa mhudumu pale, nimweleweshe mama. Maandiko siyajui kiasi cha kusema manabii wapo au hawapo, labda mahali fulani wapo wa kweli. Ninachojua, siku ile Mungu hakusema kitu. Ulikuwa mwandiko wangu.

Huduma nimeacha, nikasingizia mtoto. Mama alikuja tena juzi kutibiwa macho, leo anarudi. Nikimwambia, atajua Mungu hakumshtaki, atarudi mezani kwa Bwana na roho yake itulie. Lakini atajua pia ni mimi, na mume wangu sijui kama atanibakiza humu ndani. Bado nina tumaini mama atanisamehe, moyo huo anao. Ndugu zangu nishaurini, niseme leo hii, au nisubiri siku tukiwa na mume wangu, wote watatu? Tulipokuwa tunafunga mizigo yake nilitaka kuanza, nikaishia kumkunjia kanga zake. Sasa ananiita mlangoni, bodaboda wa kumpeleka stendi amefika, anasema, "Mwanangu, njoo basi tuagane," na mimi bado sija...