Niliinua pua ya pickup kwa vyuma chakavu Bukavu, lawama akabeba fundi

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna kijana ameuliza humu namna ya kuinua mbele pickup ya 2WD bila kuumiza mfuko. Majibu niliyoyaona yote yanachangamsha. Langu halichangamshi, ila ni la kweli, na sijawahi kumwambia mtu.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, mimi dereva pale Bukavu. Nilikuwa na pickup inayosukuma magurudumu ya nyuma tu, nikibeba mihogo ya akina mama kutoka Walungu. Kaka yangu Mugisho ndiye alikuwa convoyeur: anapanga mizigo, anakaa juu yake, na gari likitaka kuteleza analizuia kwa jiwe.

Shida ilikuwa barabara. Malori yalichimba mifereji miwili, katikati likabaki tuta. Mvua ikinyesha, tumbo la gari linakalia tuta, magurudumu yanazunguka bure. Kuna safari tulikwama siku mbili, mihogo ikaharibika yote.

Nikaenda kwa Papa Bisimwa, fundi wa magari mtaani Kadutu.

Vifaa maalumu vya kuinulia gari? Zaïre ile? Hata taa ya gari ulikuwa unaitafuta wiki nzima. Kwetu ilikuwa Article 15, kila mtu ajitafutie.

Mzee akakata pete mbili nzito kwenye bomba la lori lililokufa, akazipachika juu ya springi za mbele. Pua ikapanda kama vidole vinne. Nilifurahi kama mtoto siku ya Noeli!

Yeye hakufurahi. Alilala chini ya gari, akashika mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni.

"Petit, hii mpira iko mufupi sasa. Gurudumu ikianguka mu shimo, itavuta, itakatika. Ngoja semaine mbili, batanileteya ya murefu toka Bujumbura."

"Semaine mbili, siku kumi na ine? Papa, mihogo ya bamaman itaoza! Leta funguo."

Nikafanya jaribio ambalo kila dereva wa pale aliliamini: unapakia watu kumi nyuma, unazunguka nao uwanjani, unakanyaga breki. Zikashika. Nikamcheka mzee mbele ya watu.

Ujinga mtupu. Gari likikanyaga chini, mpira unalegea. Hatari ni gurudumu likining'inia, na hilo hatukulijaribu.

Safari ya tatu, tukishuka kurudi mjini, gurudumu la kushoto likatumbukia shimoni na kutoka. Sikusikia kitu. Nilipokanyaga breki, mguu ukaenda hadi sakafuni. Gari lile mpira mmoja ukikatika, breki zote zimekwisha. Breki ya mkono ilikufa zamani.

Nikapiga kelele. Mugisho akaruka na jiwe lake akalitie mbele ya gurudumu, alishaniokoa hivyo mara nyingi. Siku hiyo akateleza kwenye matope.

Gari lilipita juu yake, ndipo likajikita kwenye ukingo. Alikufa palepale, nimemshika.

Kwenye kilio, wajomba wakauliza nani aligusa gari.

"Ni Papa Bisimwa njo alitia bile byuma," nikasema.

Kwamba alinionya ningoje, nikakuficha. Niliogopa macho ya Maman.

Kesho yake mzee akaja, kofia mkononi. Hakuna aliyempa mkono. Maman akamwambia, "Uliniulia mutoto."

Papa Bisimwa akaniangalia. Alikuwa ananingoja mimi niseme. Nikatazama chini.

Akatoka bila kujitetea. Baada ya hapo hakuna aliyempelekea gari, akafunga karakana, akarudi kwao Mudaka. Amefia huko. Maman naye amekufa akimlaani.

Kwa hiyo kijana, ukiinua gari lako, piga jeki mpaka gurudumu lining'inie kabisa, ugeuze usukani kulia na kushoto, uangalie mpira wa breki. Mpira ukivutika hata kidogo, gari lisitoke. Na fundi akikwambia ngoja, ngoja.

Hilo ndilo la gari. Lingine nawauliza nyinyi wakuu, maana mimi limenishinda. Watoto wa Papa Bisimwa wapo Bukavu hadi leo. Mmoja hunisalimia kanisani, ananiita tonton, yaani mjomba, na wao wenyewe wanaamini baba yao aliua mtu.

Niende kwao nikaseme? Nianzeje? Andikeni chochote, hata matusi nitasoma.