Chupa Tisa kwenye Njia ya Kibiti

Niliondoka kijijini kwetu Umwe kwa sababu naandika polepole. Mdachi mmoja, profesa wa elimu ya mwendo wa vitu majini, alitaka kijana wa kumwandikia hesabu, na mwalimu wangu akamwambia, "Huyu hasemi sana, lakini hakosei." Mjomba wangu Salum akaajiriwa kubeba chupa.

Siku ya kwanza tulishuka mto kwa mtumbwi. Profesa alitusimulia kazi yake: alianza kufundisha habari za maji ndani ya mabomba, akaja kwenye merikebu, kisha samaki, na wenzake chuoni wakamcheka. Sasa alitaka wale samaki wadogo wa kwenye mikoko, wanaotembea juu ya tope kwa mapezi. Asipowafikisha Udachi wakiwa hai, nafasi yake chuoni atapewa mwingine.

"Kwani samaki wa kwao wamelemaa?" mjomba aliniuliza kwa Kindengereko. Nilicheka hadi nikaharibu ukurasa.

Deltani, mto unapoingia baharini, tulikaa siku nane. Maji yakipwa, Profesa alilala kifudifudi topeni, ndevu zote matope, akihesabu hatua za samaki kama mama anayemfundisha mtoto kutembea. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ya tisa, asubuhi, samaki wakiwa ndani ya chupa, mimi na mjomba tukashika njia ya Kibiti. Profesa alikuwa na homa, akawa anatufuata polepole nyuma.

Karibu na Mtawanya askari wa Wadachi walitusimamisha. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza upande wa Matumbi, na wapiganaji walipewa maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru. Sisi tulikuwa na chupa tisa za maji ya tope.

"Mzee, dawa hii unampelekea nani?"

"Ni samaki, bwana."

"Samaki naye anapigana?"

Wenzake wakacheka, lakini walikwisha kumfunga mjomba kamba, na mmoja alikuwa akichagua tawi la kumtundika. Nikazibua chupa moja, nikaimwaga. Samaki akaanza kutembea mchangani.

"Na hizo nyingine?" akauliza mkubwa wao.

Nikazimwaga zote, nikijua ninachomwaga.

Profesa alipofika, mjomba alikuwa amefunguliwa na samaki wengi wamekwisha kufa. Alikaa chini, akazitazama chupa, kisha mikono ya mjomba yenye alama za kamba.

"Nisamehe, Salum. Miaka yote nasoma maji, na sikuuliza mwaka huu maji yana habari gani huku kwenu."

"Ungeuliza tungekwambia," mjomba akajibu. "Sisi nasi tulisahau, tulikuwa tunakucheka."

Kibiti hatukufika. Profesa alirudi nasi hadi Umwe, akamkabidhi mjomba kwa mkewe, ndipo akaenda zake. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kubeba kitu njiani, hata maji, ni vizuri kujua watu wanakiogopea nini.