Mafuta ya Kondoo kwenye Vigae Vyeupe

Mume wangu alipopata dhahabu, kitu cha kwanza alichonikataza ni kupika jikoni kwangu mwenyewe.

Hakusema kwa maneno hayo. Alisema, "Mama watoto, hili jiko ni la kisasa, tulitunze." Kutunza maana yake nisikaange samaki, nisiache maziwa yakafurika, nisiingize kuni, na kila anayekanyaga mle avue viatu. Alikuwa na duara lake huko machimboni Tarime, shimo ambalo halikuwahi kumpa kitu tangu tuoane, na mwaka ule likatema. Wenzake walinunua pikipiki na kuoa wake wa pili. Yeye alivuka mpaka wa Kenya pale Sirari akarudi na lori la vigae vyeupe na fundi wa ng'ambo, wakavibandika jikoni sakafuni na ukutani hadi usawa wa kichwa. Kijiji chetu kizima cha Nyambureti kilikuja kuangalia. Masikini akipata, wahenga walishasema, na walichomalizia hapo sitakiandika.

Mtu wa mbali anielewe. Kwetu mwanamume haingii jikoni. Baba mkwe wangu alikufa bila kujua chumvi inakaa wapi nyumbani kwake, na hakuna aliyemcheka. Akiwa na njaa alisimama mlangoni akakohoa, basi. Mume wangu alilelewa hivyo hivyo. Lakini vigae vilipoingia, na yeye akaingia. Akitoka machimboni, hata koti hajavua, yuko jikoni ameinama kama anayetafuta sindano, anapitisha kidole ukutani, anakinusa. Mwanamume mzima! Nilikuwa nakasirika, ila nilikuwa na mimba kubwa na sikutaka kelele.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mama mkwe alikuwa anaishi pale pale uani, kwenye nyumba yake ya udongo. Alichinjisha kondoo wake wa mkia mnene, maana mzazi wa kwetu hunywa uji wenye mafuta ya kondoo mpaka mgongo ukae sawa. Mafuta hayo huyachemsha mama mkwe kwa mkono wake. Ndiyo heshima yake, na ndiyo namna yake ya kumwambia mkwe, nimekupokea wewe na mtoto wako. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi na paa la jiko lake la nje lilikuwa linavuja. Nikamwambia, "Mama, njoo upikie humu." Alivua kandambili mlangoni, akaingia kwa ncha za vidole kama mgeni.

Sakafu ile inateleza. Alipoepua sufuria kwenye jiko la mkaa, mguu ukamponyoka. Hakuanguka, lakini sufuria iliinama, mafuta yakamwagika sakafuni na mengine yakarukia ukutani. Mafuta ya kondoo hayana subira, yakipoa tu yameganda. Tulikwangua kwa kijiko, tukamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, kisha nikapaka majivu niliyoyachekecha na kuyaacha yafyonze. Vigae vyenyewe vikatakata. Kilichokataa ni ile saruji nyeupe ya kwenye maungio. Ilishayanywa mafuta, ikabaki na rangi ya chai ya maziwa, doa kama sinia katikati ya sakafu. Mama mkwe aliliangalia akasikitika kama aliyeua ng'ombe wa watu. Nikamwambia ni doa tu, nikaweka kiti juu yake.

Mume wangu alikuja na binamu yake wa upande wa Kenya, wamekuja kumwona mtoto. Ndivyo alivyosema kwenye simu. Mimi niko sebuleni, nimempakata mtoto, nimemvisha kofia mpya. Alinipita. Narudia, alinipita mimi na mtoto wake ambaye hajawahi kumtia machoni, akampeleka binamu kuona jiko. Nikasikia kiti kinaburutwa.

"Nani amefanya hivi?"

Mama yake akatokea mlango wa nyuma. "Ni mimi, mura." Mura ni kijana, alimwita hivyo tangu alipotoka jandoni na hakuacha hata alipoanza kuota mvi. "Nilikuwa namtengenezea mke wako mafuta."

"Mama, hapa si pa kuchemshia kondoo. Kapikie kwako. Humu usiingie tena."

Binamu aliona aibu. "Wacha tu, si huyo ni mathe wako?" alisema. Mume wangu hakuacha. Akaeleza bei ya vigae, akaeleza fundi alivyotoka mbali, na mama yake amesimama pale na mvua inamnyeshea mgongoni. Kisha yule mama akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo aliniletea uji mtupu usio na mafuta, anauweka kizingitini na kuondoka. Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe.

Mume wangu akarudi machimboni, na kutoka huko akatuma chupa ya soda iliyojaa tindikali, ile ambayo wanunuzi husafishia dhahabu. Akapiga simu. "Mwagieni kidogo kwenye doa mfute. Kama inatoa uchafu wote kwenye dhahabu, itashindwa na mafuta ya kondoo?" Ndiyo akili ya machimbo hiyo. Dhahabu ikishamwingia mtu kichwani, kila kitu duniani anakipima kwa dhahabu. Nilimwambia mama mkwe hii ni sumu, tusiiguse, nikaiweka juu kabisa kabatini. Kesho yake nikampeleka mtoto kliniki.

Niliporudi, harufu ilinikaba koo tangu ukumbini. Nikamlaza mtoto nje kwenye mkeka, nikakimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye vigae, miguu mitupu, anasugua kwa kitambaa. Saruji ilikuwa inatoa povu na moshi. Kiganja chake kilikuwa kimegeuka njano.

"Linatoka," aliniambia, machozi yanamtiririka kwa ule moshi. "Ona, mama, linatoka."

Nilimburuta hadi kwenye pipa, nikamwagia maji mkononi mpaka pipa likaisha. Tukaenda zahanati kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Mkono ulikuja kupona, lakini vidole viwili vilibaki vimejikunja, na mpaka leo mwiko anaushika kwa kushoto.

Mume wangu akaja. Mama yake ameketi ukumbini, mkono una bandeji hadi kwenye kifundo cha mkono. Akampita. Akaingia jikoni, akaona maungio yaliyolika na kingo zilizopata njano, akapiga kelele, "Nani ameharibu vigae vyangu?"

Hapo ndipo mimba, uzazi na unyamavu wangu vilipoisha kwa pamoja. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwetu, na majirani walisikia. Nikaingia chumbani nikachukua nyundo na tindo lake la machimboni, nikarudi nikapiga pale pale penye doa. Kigae cha kwanza kilipasuka, akanishika mkono. Nikamwambia niachie, akaona macho yangu, akaniachia. Nikavunja hadi nikafika kwenye udongo. Kisha nikaenda jiko la nje nikabeba mafiga ya mama yake, moja baada ya jingine, nikayapanda pale, matatu, meusi, katikati ya weupe wake wote.

Alibaki anayatazama. Kwetu mtoto wa kiume hagusi mafiga ya mama yake aliye hai. Kuyang'oa ni kumchimbia kaburi, na hilo hata dhahabu haikuwa imemsahaulisha.

Mama mkwe akaingia, kandambili zake miguuni, zina tope. Nilifungua madirisha. Akapanga kuni kwa mkono mmoja, akawasha, akaniagiza nilete mafuta yaliyobaki. Ndipo akamtazama mwanawe.

"Mura, toka. Hapa ni jikoni."

Akatoka. Uji ulipokaribia kuiva tukamsikia mlangoni, anakohoa. Mama hakugeuka.