Kisigino cha Dada Koleta

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Mbinga, Sista Mkuu hakuniuliza cheti, na afadhali hakuuliza, maana niliishia darasa la nne. Alinisimamisha mbele ya mzee mmoja mwenye mguu uliooza, akafungua bandeji, kisha akanitazama mimi usoni, wala si ule mguu.

"Ukitema mate mbele ya mgonjwa," akasema, "rudi kwenu Mbuji ukalime kahawa."

Nilimeza mate. Ndivyo nilivyopata udresa.

Nyie vijana mnajua nesi na daktari, dresa hamumjui. Dresa ni mfunga vidonda. Nilichemsha koleo na mikasi, nikakata shashi, nikapaka jivii, ile dawa ya zambarau isiyotoka vidoleni. Mke wangu alinikubali na vidole hivyohivyo, ila hiyo ni habari nyingine. Baada ya Mbinga nilipelekwa ziwani, upande wa Lundo, chini ya mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, mtu mpole aliyependa samaki aina ya mbasa kuliko mshahara. Huko nilifunga vidonda vya ndoana. Kisha nikarudishwa Mbinga, na Mbinga ndiko kwenye miguu.

Kwetu Umatengo tunalima ngoro, yale mashimo ya mlimani, na wengi huingia miguu mitupu. Miiba ipo, funza wapo. Mtu akiona doa jeusi unyayoni hafikirii mara mbili: ni funza, achokolewe. Pini ikishindwa, wembe. Kila ukoo una mchokoaji wake, na kwetu nilikuwa mimi, kwa sababu ya kazi yangu.

Msimu mmoja wa kuchuma kahawa nilikwenda likizo nyumbani. Dada yangu mkubwa, Koleta, akanyoosha mguu mapajani mwangu. Kisiginoni palikuwa na doa kama punje ya ulezi.

"Nitolee huyu mdudu, mdogo wangu."

Nilichokoa, sikuona mdudu wala mayai yake. Damu tu.

"Dresa wa watu," akanicheka, "kisigino cha dada yako kinakushinda?"

Nikaingiza wembe zaidi, nikapaka jivii, nikamwambia kimekwisha. Kilipona juu. Mwaka uliofuata doa lilikuwa limerudi, pana zaidi. Nikachokoa tena, nikamwambia tena kimekwisha.

Halafu pale hospitali Mbinga akaja Daktari wa Upasuaji na bunda la karatasi. Alisema zinajazwa nchi nzima, ijulikane melanoma inawapata akina nani, mahali gani mwilini, na nani hupona. Melanoma ni saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe zinazotupa rangi. Sisi tulidhani saratani ya ngozi ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao, ya jua. Akasema hapana, hii kwa sisi weusi hujificha unyayoni, kiganjani, chini ya kucha, pasipofika jua.

"Angalia kina chake," alinifundisha. "Ikiwa juujuu, tunakata na mtu anaishi. Ikizama, ikichimba kidonda, ikapandisha mtoki kinenani, tumechelewa."

Kazi yangu ilikuwa kujaza mahali, upana, mtoki, na muda. Kwenye muda watu wote walisema miezi miwili, wakiogopa kugombezwa. Nikajifunza kuuliza, "Yeboyebo zako za plastiki uliacha lini kuvaa kwa maumivu?" Hapo ndipo miaka mitatu ilipotoka.

Siku ya kwanza daktari aliponionyesha doa lenyewe kwenye unyayo wa mgonjwa, jeusi hapa, kahawia pale, kingo zake zimepindapinda kama ufuko wa ziwa, nilitoka nje nikaegemea ukuta. Kesho yake nilikuwa Mbuji. Koleta alikuwa amefunga kisigino kwa kitambaa cha kitenge. Nilipogusa kinena chake nilikuta mtoki mkubwa kama yai la bata.

"Mbona hukuniita, dada?"

"Nikuite wa nini? Si ulisema kimekwisha?"

Nilimleta Mbinga. Daktari alichunguza kidonda, akaona kovu pembeni. "Hapa alikata nani?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Koleta alinitazama, akamgeukia daktari. "Nilijichokoa mwenyewe, baba. Nilidhani funza."

Na mimi nikaandika: alijichokoa mwenyewe.

Koleta alikufa kabla kahawa haijaiva tena. Baadaye nikamuuliza daktari, kama mtu anayeuliza habari za jirani, ikiwa wembe ndio uliomwua. "Wembe sidhani," akasema. "Ile miaka ndiyo iliyomwua. Angeletwa doa likiwa dogo, angerudi shambani." Kwa hiyo ni yale maneno yangu, kimekwisha.

Daktari alizisoma karatasi zake, akaona wengi wanajikata. Akaandika tangazo lisomwe makanisani, akanituma mimi niende Mbuji. Nilisimama mbele ya watu waliomzika Koleta, watoto wake benchi la pili, nikasoma: msijichokoe wenyewe, nendeni kwa dresa.

Nimestaafu. Wajukuu wananipa Shikamoo, wananiletea unyayo na pini. Pini siishiki. Nawaambia waende hospitali, wanasema Babu amezeeka, wanakwenda kwa mwingine mwenye wembe. Mwaka jana nilimfuata daktari mpya nikamweleza yote, nikaomba ile karatasi irekebishwe. Alinisikiliza vizuri, alikuwa na adabu. Akasema, "Mzee, zile zilishakwenda, zimeshahesabiwa."

Basi huko zilikokwenda, kwenye hesabu ya nchi nzima, dada yangu ni mwanamke aliyejikata mwenyewe kwa kutojua, na dresa aliyeijaza ile karatasi hana kosa.