Maji Niliyokunywa Sake

Ilianza Jumamosi, tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa tano, saa moja ya jioni. Nilikuwa nachambua maharagi mlangoni pa nyumba yetu, mtaa wa Katoyi, na Koko, mama wa mama yangu, alikuwa ndani anatafuta kibiriti. Mbingu upande wa kaskazini ikawa nyekundu kama jiko lililopulizwa. Jirani akapita mbio na godoro kichwani, akasema tu: "Volkano, mama. Musikae."

Mama hakuwepo. Mama yangu anauza vitenge soko la Birere, karibu kabisa na mpaka wa nchi jirani, na Jumamosi anachelewa kurudi kwa sababu ndiyo siku ya wateja wengi. Nilimpigia, simu ikaita, hakushika. Nilipiga tena, haikuita. Tangu hapo ni yule mwanamke wa ndani ya simu aliyenijibu kila mara, kwa upole ule ule, kwamba namba haipatikani.

Tukafuata watu barabara ya kwenda mji mdogo wa Sake. Koko na fimbo yake na mguu wake mbaya, mimi na mfuko wa nguo na bidoni tupu ya kutekea maji. Sijui kwa nini nilibeba bidoni tupu. Tulipofika kwenye ziwa dogo la Lac Vert Koko aliomba tukae apumzike, na hapo niliweka nadhiri bila kumwambia mtu. Nilimwambia Mungu kwamba sitakula wala kunywa mpaka mama apatikane. Mimi ni mtu wa kunyamaza, hata shuleni wakiniita ubaoni sauti inanikwama. Lakini ile nadhiri niliisema kwa mdomo, ili Mungu asiseme hakusikia.

Sake tulipokelewa na Mama Zaina, Mwislamu, watu wake ni wa jimbo la Maniema na bwana yake ni dereva wa lori. Hatukuwa tunamjua. Alituona tumekaa pembeni ya barabara, akasema nyumba imejaa lakini jikoni kuna nafasi ya watu wawili wasiokoroma. Jumapili wengi walianza kurudi mjini. Sisi tulibaki, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatikisika na mguu wa Koko ulikuwa umevimba. Mama Zaina alileta bugali na maharagi. Nikasema nimeshiba. Alileta tena, nikasema tumbo linaniuma.

Jumatatu alinitazama muda mrefu, sahani mkononi.

"Mutoto, hata sisi Ramadhani yetu iliisha," alisema. "Wewe unafunga ya nani?"

Wote jikoni walicheka, na mimi nikaangalia miguu yangu.

Siku hiyo hiyo mchana alinituma bombani. Jua lilikuwa kali na midomo yangu ilikuwa imepasuka. Maji yalipoanza kuingia ndani ya bidoni, mikono yangu ilijikunja yenyewe ikawa kikombe. Sikuamua. Nilikunywa kama ng'ombe, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniambia niwaachie na wengine. Nikatoa simu, nikapiga. Haipatikani. Nikajua ni mimi niliyesababisha. Mama alikuwa ananisubiri nivumilie, na mimi nimeshindwa na maji ya bomba.

Nilikwenda kujificha nyuma ya jiko, penye kuni, na ndipo Koko aliponikuta. Nilimweleza yote, vibaya vibaya, kwa kukohoa na kulia. Hakucheka. Alikaa juu ya gogo, akanyoosha ule mguu, akaanza kusema. Ninayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Mwanangu, iko siku moja mpaka leo haijanitoka. Nilikuwa rika lako, pengine mudogo kidogo. Ni ule mwaka askari walioasi walishika Bukavu. Risasi zililia mpaka mbwa waliacha kubweka. Baba yangu alikuwa karani mjini, na hakurudi nyumbani. Mama akanipeleka juu ya mulima kwa muzee mumoja mwanamuke, tulimuita Mama Nabintu. Hakuwa ndugu yetu, walikuwa tu wanasali kanisa moja na mama. Mama akamuambia: nakuachia huyu, naenda kumutafuta bwana yangu. Na Mama Nabintu akajibu mbele yangu: 'Enda. Mutoto atabaki kwangu mpaka urudi.' Ni hayo tu. Hakuongeza neno, akaendelea kumenya mihogo yake.

"Basi mimi, hayo maneno hayakunitosha. Nilijiambia: huyu muzee ana wajukuu wake, ana njaa yake, siku moja ataamuka amechoka nami. Nikaanza kufanya kazi. Naamuka mbele ya jogoo nafagia kiwanja. Nashuka bondeni nateka maji, napanda, nashuka tena. Mihogo nilikuwa natwanga mpaka mikono inatoka malengelenge. Wakati wa chakula nakula kidogo kidogo, ili asione ninamumalizia. Wajukuu wake walinicheka sana, wanasema bibi yao ameoa muke mupya. Na unajua kitu? Yule muzee sikumupenda. Nawezaje kumupenda? Nilimuogopa tu. Akinitazama hivi, mimi moyoni nasema: ni leo.

"Sasa siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya bondeni inateleza kama sabuni. Nilikuwa na mutungi wa udongo, ule mukubwa, marehemu mama yake Mama Nabintu ndiye alimuachia. Nikaanguka. Mimi sikuumia, mutungi ndio uliumia. Niliangalia vile vipande, na maji yanakimbia ndani ya majani, nikasema, imeisha. Sikurudi nyumbani. Niliingia ndani ya shamba la migomba nikakaa huko, nimekunja magoti. Risasi zinalia upande wa mji, na mimi namuogopa muzee mumoja kuliko risasi. Ujinga wa utoto, lakini hofu haichagui.

"Jua likianza kushuka nikamusikia ananiita jina. Alikuja mwenyewe, na fimbo mukononi. Nilipoona ile fimbo nikainamisha mugongo nisubiri. Kumbe fimbo ilikuwa ya kumusaidia kutembea, sawa na hii yangu. Alikaa chini ndani ya matope, na gauni lake la misa, mwanangu, akasema:

"'Siku ile nilimuambia mama yako nini?'

"Nikasema: ulisema nitabaki mpaka arudi.

"'Nilisema utabaki kama utateka maji?'

"Hapana, mama.

"'Nilisema utabaki kama mutungi utakuwa muzima?'

"Hapana.

"'Sasa hayo mengine, nani amekuambia?'

"Ni mimi niliyejiambia. Hapo ndipo alinigombeza, na kugombezwa kule sikuwa nimekuzoea. Alisema: 'Muda wote huu nafikiri una mapenzi ya kazi, kumbe unanitukana. Kila asubuhi unaamuka unafagia kiwanja changu ili kuniambia mimi ni mutu wa uongo.' Kisha akaniomba mukono nimuinue, maana matope yalikuwa yamemushika. Tukarudi. Nilikula siku hiyo mpaka nikashiba, na kesho yake jua lilinikuta nimelala. Hakuna mutu aliniamusha."

Hapo Koko akawa anasugua goti. Nilimuuliza kitu kimoja tu nilichotaka kujua.

"Mama yako alirudi?"

"Alirudi. Lakini si siku niliyoipanga mimi. Na baba hakuwa naye, na hatukumuona tena. Hiyo sikufichi."

Wakati huo huo ardhi ilitikisika. Kuni zilianguka miguuni petu, mabati yakalia, na ndani watoto wa Mama Zaina wakapiga kelele. Nilimshika Koko, na yeye akashika ukuta. Ilipoacha, moyo wangu uliendelea peke yake. Mama Zaina aliuliza kutoka mlangoni kama tuko wazima, Koko akajibu tuko, bado tunaongea. Kisha akanigeukia.

"Sasa sikiliza, mwanangu, nimalize kabla haijarudia. Mungu hakukuambia usikunywe maji ndipo amuchunge mama yako. Hayo masharti umeyaandika wewe, ukamupa Yeye aweke sahihi. Kufunga ni kuzuri, mimi kila Kwaresima nafunga, unaniona. Lakini kufunga si bei. Ukifunga ili umununue, unamufanya muuzaji wa Birere, mwenye kuangalia mukono wako kabla ya kukata kitambaa. Yeye hayuko hivyo. Alisema hatatuacha, na alisema hiyo kabla hujazaliwa, kabla hujaweza kufanya kizuri ao kibaya. Bei iliyokuwa ya kulipwa, Yesu aliilipa yote. Hakuna kipande alichoacha ili wewe ukimalizie kwa njaa yako ya Sake.

"Sikuambii mama yako atafika kesho. Sijui. Nikikuambia hivyo nitakuwa naahidi kwa mudomo wa mwingine. Nakuambia popote aliko, awe amevuka mupaka, awe amekimbilia wapi, hakuachwa, na wewe hapa hukuachwa, na yale maji uliyokunywa hayakuondoa kitu. Kuamini ni kukaa mahali umeambiwa ukae. Ni kula wakati habari haijafika. Najua ni kugumu kuliko kufunga, kwa sababu ukifunga angalau unajiona unafanya kitu. Na usifikiri mimi siogopi. Yule ni binti yangu, mimi ndiye nilimuzaa. Lakini nimeamua kuogopa nikiwa ndani ya nyumba ya yule aliyeahidi. Ndani ya migomba sirudi tena.

"Njoo hapa." Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mkono wenye harufu ya moshi na ya dawa ya mguu. "Mungu akushike hata wakati wewe umechoka kumushika. Akupe usingizi, maana hujalala tangu Katoyi. Akuonyeshe uso wa mama yako, na kama itachelewa, akuonyeshe wake kwanza. Na mawazo yako yanayokuhukumu, ayanyamazishe. Amina."

Nilisema amina, lakini nilisema na woga. Siwezi kuandika kwamba woga uliisha, maana haukuisha.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, nilipiga simu ya mama kabla ya kunawa uso. Haikupatikana. Nilirudi jikoni, nikakaa kando ya Koko. Mama Zaina alikuwa anagawa uji, akanipita, kwa sababu alishazoea kukataa kwangu. Nikanyoosha bakuli. Alisimama, akalijaza mpaka juu. Kijiko kiligonga meno, na kila nilipomeza nilimwona mama Birere, amebeba vitenge vyake juu ya kichwa, watu wanakimbia. Nilikula hivyo hivyo. Nilikula mpaka chini, nikaomba kidogo tena.

Kisha nikachukua bidoni na kwenda mlangoni. Koko aliinua macho.

"Unaenda kumulipa nani?"

"Hakuna mutu, Koko," nilisema. "Maji yameisha."